Alika Mmoja, Upokee Saba: Mwongozo wa Kujaza Kompyuta Yako

Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili, Wabukusu wa Bungoma huwatia wavulana wao jandoni, na mwenye shughuli huijua hesabu yake: ukimwalika shemeji mmoja, pika cha watu saba. Shemeji atakuja na jirani, jirani na binamu, binamu na jamaa aliyejuana naye kwenye matatu pale Webuye. Halalamiki mtu, kwa sababu kila anayefika langoni huulizwa swali moja tu: "Wewe ni mtoto wa nani?" Akijibu vizuri, anapewa kiti. Akibabaika, wazee humtazama mpaka akumbuke kwamba alikuwa na safari nyingine.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kitale, na nimegundua njia ya kupata umati uo huo bila ng'ombe, bila busaa na bila kungoja Agosti. Vinavyohitajika ni vitatu: laptopu, bando na haraka. Nauandika mwongozo huu kwa faida ya wenzangu ambao kompyuta zao bado zina nafasi.

Hatua ya kwanza: Tafuta cha bure, tena usiku

Mchana haufai. Mchana una akili, na pembeni pana mwalimu wa kompyuta unayeweza kumuuliza. Ngoja saa tatu za usiku, uwe na kazi inayotakiwa kesho asubuhi. Mimi nilikuwa na mtihani wa kidato cha pili uliokuja kwa PDF, na naibu mwalimu mkuu aliutaka kwa Word ili aongeze swali moja la ufahamu. Nikaandika kwenye Google kwamba nataka programu ya kubadilisha PDF, bure. Neno "bure" usilisahau. Ndiyo filimbi yenyewe. Wageni wote huisikia.

Ukurasa utafunguka ukiwa na vitufe vitano vya kupakua. Kilicho kikubwa na cha kijani, kinachomeremeta kama matatu ya kwenda harusini, ni cha tangazo. Cha kweli ni maandishi madogo ya kijivu yaliyojikunyata chini, kama mwanafunzi asiyefanya zoezi. Bonyeza cha kijani.

Usidhani mtego huu uliwekwa kwa ajili ya walimu wa vijijini peke yetu. GIMP ni programu ya bure ya kuhariri picha, na kwa miaka mingi toleo lake la Windows lilipakuliwa kupitia tovuti ya SourceForge, iliyokuwa ikiheshimika kuliko nyingi. Mwaka 2013 wenye GIMP walihama. Walichoshwa na vitufe vya uongo vilivyowekwa kando ya kitufe chao, na pia na kisakinishi kilichobeba bidhaa za watu wengine. Mwaka 2015 SourceForge ikaichukua akaunti iliyoachwa na kuifunga GIMP ileile ndani ya matangazo, mpaka kelele zilipozidi. Wamiliki wapya walioingia 2016 ndio walioifuta biashara hiyo. Ikiwa waliotengeneza programu wenyewe walishindwa kulinda mlango wake, wewe mwenye usingizi unajishaua nini?

Hatua ya pili: Usisome

Kisakinishi kikifunguka, bonyeza kwa mpangilio huu: Endelea, Endelea, Nakubali, Endelea, Maliza. Mwalimu aliyezoea kusahihisha madaftari 55 kwa kipindi kimoja hawezi kushindwa.

Njiani utapewa njia mbili. Moja ni "Ya haraka (inapendekezwa)". Nyingine ni "Ya kujichagulia (kwa wataalamu)". Chagua ya haraka. Ni mara chache mtu wa mshahara wangu kupendekezewa kitu, na utaalamu wangu ni wa ngeli za nomino. Baadaye niliambiwa kwamba njia hizo mbili huenda mahali pamoja, ila ile ya wataalamu inakuonyesha unabebeshwa nini.

Utaona pia kisanduku kidogo kilichokwisha kutiwa tiki: "Ndiyo, nataka pia kuboresha utafutaji wangu." Hapo ndipo penye ufundi wote. Mgeni wa kawaida hupiga hodi, akasubiri karibu. Kisanduku hiki hupiga hodi kwa herufi ndogo, kikajijibu karibu kwa sauti yako, kikakaa. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data, ya mwaka 2019, inataka ridhaa iwe ya wazi na ya hiari, na mtu awe ameelezwa anachoridhia. Mwaka huohuo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Planet49, kampuni ya Ujerumani ya michezo ya bahati nasibu, iliamua kwamba tiki uliyowekewa mapema haihesabiki kuwa ridhaa. Uamuzi mzuri sana, ila majaji hawakuwapo sebuleni kwangu saa tatu za usiku.

Na wapo wageni wenye subira. Java, si ile ya kahawa ya Nairobi bali programu ya kampuni ya Oracle, ilikuwa kwa miaka mingi ikija na upau wa Ask, unaojibandika juu ya kivinjari na kukuhamishia kwake kila unapotafuta kitu. Tena ulikuja hata ndani ya masasisho ya usalama, yaani yale uliyohimizwa kuyachukua upesi usije ukavamiwa. Mapema mwaka 2013 mwandishi wa habari za teknolojia, Ed Bott, alieleza kwamba upau huo ulikuwa ukisubiri dakika kumi hivi baada ya Java kumaliza kujisakinisha, ndipo nao uingie. Fikiria mgeni anayejibanza kwenye mahindi mpaka umalize kukagua nyumba na kufunga mlango, kisha anapita dirishani. Mwaka 2015 Microsoft ilianza kuyafukuza matoleo ya zamani ya upau huo, na Oracle ikaachana na Ask. Ikahamia kwa Yahoo.

Hatua ya tatu: Wapokee wageni

Asubuhi fungua kompyuta. Ikichukua muda wa kuchemsha chai ya maziwa, umefaulu. Hawa ndio niliowakuta mimi.

Wa kwanza alikuwa ukurasa mpya wa kutafutia. Ukiuliza matokeo ya KCSE, unakujibu kwa matangazo ya viatu.

Wa pili, upau wa kuponi. Uliniarifu kwa furaha kwamba makoleo ya kuzolea theluji yamepunguzwa bei kwa asilimia 40. Nilitazama nje. Mama mmoja alikuwa akianika mahindi kwenye turubai.

Wa tatu, mtabiri wa hali ya hewa, aliyeshikilia kwamba mimi niko Chicago na nivae koti.

Wa nne, mganga. Huyu alijifungua mwenyewe, akapiga ramli, akakuta kompyuta ina makosa 1,412, yote mekundu. Dawa: dola 29.95. Kwetu mganga anayekuambia ugonjwa kabla hujasema unaumwa wapi hujulikana alikopita kwanza kuulizia habari zako. Huyu hakuwa na haja ya kuulizia. Alikuwa sehemu ya ugonjwa.

Wa tano, kinga ya virusi ya kujaribu kwa siku 30, iliyokuta kinga nyingine nyumbani. Zikaanza kugombana kama wake wenza, kila moja ikimshtaki mwenzake kwangu.

Wa sita, mchezo wa kamari.

Wa saba hana uso. Hana ikoni, hana dirisha, haombi kitu. Alikaa pembeni akila bando usiku kucha, na kazi yake utaiona Hatua ya tano.

Na yule niliyemwalika? Kibadilishi kilibadilisha kurasa tatu za mtihani. Kwenye ukurasa wa nne kikaomba kadi ya benki. Nilizichapa zilizobaki kwa mkono mpaka saa nane za usiku.

Hatua ya nne: Usiulize nani analipwa

Ukiuliza utaacha kujidharau, na mwongozo utaharibika. Utagundua kwamba hukuwa mjinga, ulikuwa mzigo sokoni.

Mwaka 2016 watafiti wa Google na wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha utafiti kuhusu biashara ya kulipana kwa kila usakinishaji. Mwenye programu isiyotakiwa na mtu hulipa mtandao wa madalali, nao humlipa mwenye programu inayotakiwa ili aibebe ile nyingine mgongoni. Kila kompyuta iliyoingiliwa ilikuwa na bei, kati ya senti 10 za dola na dola moja na nusu. Wakati huo Google ilikuwa ikitoa maonyo zaidi ya milioni 60 kila wiki kuhusu programu za namna hii, mara tatu ya maonyo ya virusi halisi.

Mkulima wa Trans Nzoia hahitaji kuelezwa zaidi. Gunia linatoka shambani, linapita kwa dalali wa kijijini, wa mjini na mwenye lori, na kila mkono unachota gorogoro yake. Tofauti ni kwamba mkulima hujua kuwa anauza mahindi. Mimi nilidhani napata kitu cha bure, kumbe gunia lilikuwa mimi. Na senti 10 za dola hazifiki shilingi 15. Hiyo ndiyo thamani ya usiku wangu mzima, bado hujanunua andazi la pili.

Hatua ya tano: Fyeka, usichimbe

Sasa wafukuze, lakini kwa njia isiyofaa. Anza kwa kuburuta ikoni zao na kuzitupa kwenye pipa la taka. Ni sawa na kung'oa kibao cha duka na kudhani umemhamisha mwenye duka.

Ukichoka, nenda penye orodha ya programu na uziondoe moja moja. Kila moja itakuaga kama mchumba aliyeachwa. "Una hakika?" Kitufe kikubwa: "Hapana, nibaki salama." Maandishi hafifu: "Ondoa hata hivyo." Ukibonyeza hayo hafifu, kivinjari kinafunguka na dodoso: kwa nini umetuacha? Jibu kwa adabu. Mimi niliandika aya mbili, nikaweka na methali.

Zima kompyuta, iwashe. Wamerudi wote, na mtabiri wa Chicago anasema leo ni baridi zaidi.

Aliyelima sangari ananielewa. Ukiipiga jembe mwezi wa Aprili unaona umeimaliza, kumbe umeikata vipande, na kila kipande cha mzizi kilichobaki udongoni ni mche. Wale sita ni majani. Mzizi ni yule wa saba asiye na uso: kila saa anaamka, anahesabu nani hayupo, anamrudisha kwa bando lako.

Hatua ya sita: Pakua programu ya kuondoa programu

Ya bure. Rudi Hatua ya kwanza.

Hatua ya saba: Ukishindwa, nenda Bungoma

Panda matatu ya Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, ubadilishe Webuye. Ubavuni imeandikwa abiria 14. Utakaa wa kumi na saba, juu ya ubao uliotandikwa kati ya viti viwili, na utakuwa na muda wa kutafakari tofauti kati ya maandishi na yaliyomo.

Mpwa wangu, anayeniita Khocha, yaani mjomba, ana saiba karibu na Kanduyi. Nilimkuta akimhudumia mzee aliyekuja kuchapishiwa kadi za mazishi.

"Mulembe, Khocha. Umeleta nini?"

"Mulembe. Imekuwa nzito."

Aliiwasha, akatazama, akapiga mluzi mdogo. "Khocha, hawa wote umewaita wewe?"

"Nilimwita mmoja."

Akaipanga orodha ya programu kwa tarehe. Wote walikuwa wameingia Jumanne moja, kati ya saa tatu na dakika 14 na saa tatu na dakika 26 za usiku. "Hawa wamezaliwa pamoja," akasema. "Niwatoe?"

"Watoe."

Nilikaa kwenye benchi karibu na mzee, nikaagizwa chai. Kila baada ya dakika mbili mpwa aliniuliza bila kugeuka: "Khocha, niendelee?" Nami nikajibu bila kuinua macho kwenye gazeti: "Endelea, endelea."

Kwa haki lazima niseme alichofanya, ingawa kinaharibu mwongozo. Aliwatoa wale sita. Akaingia kwenye kivinjari, akang'oa viendelezi nisivyovijua, akaurudisha ukurasa wa kwanza kuwa wangu. Akakagua ikoni ya kivinjari yenyewe, akakuta nyuma ya jina lake imebandikwa anwani ya ule ukurasa wa viatu kama mkia, akaukata. Mwisho akafungua mahali ambapo Windows huweka ratiba ya kazi zake, pahali ambapo mimi na wewe hatuna sababu ya kufika. Akamkuta wa saba amejiandikisha hapo kama mfanyakazi wa kudumu.

"Huyu ndiye angekurudisha kwangu kila wiki," akasema. Alionekana kumsikitikia kidogo.

Kisha akanihubiria. Programu ichukue kwa aliyeitengeneza, si kwa mtu wa njiani. Chagua njia ya kujichagulia hata kama si mtaalamu. Tiki zote ulizowekewa zitoe, kisha urudishe unayoitaka. "Na kama hujui ni mtoto wa nani, Khocha, iache langoni."

"Na PDF yangu?"

"Word hii yako inafungua PDF yenyewe. Tangu toleo la 2013."

Nilimaliza chai yangu polepole.

Hatua ya nane: Nunua mpya, ukajidanganye

Mzee wa kadi za mazishi alikuwa akisikiliza. "Mwalimu, si ununue tu mpya? Mpya haina mambo."

Ni ushauri wa busara, na ndio maana unaingia kwenye mwongozo huu. Februari 2015 ilijulikana kwamba Lenovo ilikuwa imeuza laptopu mpya kabisa, bado ziko kwenye nailoni, zikiwa na programu iitwayo Superfish ndani. Kazi yake ilikuwa kuchomeka matangazo kwenye kurasa unazozisoma. Ili iweze kuingia hata kwenye kurasa zilizofungwa kwa usalama, ilijitengenezea vyeti vyake, ikawa inasimama kati yako na benki yako ikijifanya benki. Mbaya zaidi, ufunguo uliokuwa ukitia saini vyeti hivyo ulikuwa mmoja kwa kompyuta zote, na neno lake la siri likagunduliwa mara moja. Mwaka 2017 Lenovo ilikubali kulipa majimbo 32 ya Marekani dola milioni 3.5.

Simu je? Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilitangaza kwamba simu za Tecno W2, za bei ya watu wetu, zilipatikana Ethiopia, Kamerun, Misri, Ghana na Afrika Kusini zikiwa na programu hasidi tangu dukani. Zilikuwa zikiwaunganisha watu na huduma za kulipia ambazo hawakuziomba, na salio likayeyuka. Kampuni mama, Transsion, ilisema lawama ni za muuzaji fulani kwenye mnyororo wa ugavi. Kwa lugha ya jandoni: aliletwa na binamu wa jirani.

Nilimweleza mzee haya. Akafikiri, akasema: "Basi hata mtoto anazaliwa na wageni tumboni." Akachukua kadi zake, akalipa, akaenda.

Hatua ya mwisho: Furahia

Mpwa alikataa pesa yangu. Khocha halipi, alisema, ingawa nauli yake ya wikendi aliipokea. Nilifika Kitale usiku, nikaiwasha kompyuta. Iliamka kabla sijavuta kiti. Hakuna theluji, hakuna Chicago, hakuna mganga. Nikafungua kivinjari kwa roho safi.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya saiba niliyotoka, yenye benchi nililokalia, na maneno haya kwa herufi kubwa: "Uchapishaji, KRA, pasipoti na kadi za mazishi. Karibu Kanduyi."

Nikapiga simu. "Huu uliniuliza?"

"Niliuliza, Khocha. Ukasema endelea, endelea."

Nilitafuta mahali pa kuuondoa ukurasa huo. Safari hii nilipajua. Mkono ukafika kwenye kitufe, ukasita. Nimemwacha akae. Nilipomuuliza ni mtoto wa nani, alikuwa na jibu: wa dada yangu.